Kuachia Haki ya Ardhi: Historia ya Uhamisho wa Mashamba katika Usangu na Ubaruku

Hati ya kuachia haki ni waraka ambao mtu humwachia mwenzake haki yoyote aliyonayo katika ardhi au nyumba, bila kuahidi kwamba haki hiyo ipo wala kwamba haina mdai mwingine. Huko Marekani, ambako hati hiyo hutumika sana, masharti yake ni machache: iwe ya maandishi, itaje pande mbili na ieleze ardhi yenyewe kwa mipaka inayotambulika, anayeachia atie saini mbele ya ofisa wa viapo, hati ikabidhiwe na kupokewa, kisha iandikishwe katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya eneo husika. Ndugu huitumia kugawana urithi, na wanandoa walioachana huitumia kutenganisha mali zao. Asili yake ni sheria ya kale ya Uingereza. Mwaka 1189 mfalme Richard wa Kwanza alimwachia William wa Scotland madai yake ya ubwana juu ya nchi hiyo kwa marki 10,000, na makubaliano hayo yalikuwa ya aina hii hii.

Tanzania haina hati yenye jina hilo katika sheria zake za ardhi, lakini tendo lenyewe lipo kila mahali. Mrithi huwaachia ndugu zake fungu lake, mkulima huirudisha haki yake mikononi mwa kijiji, muuzaji humpa mnunuzi karatasi isiyodhamini chochote. Katika bonde la Usangu, ambako Ubaruku imekua na kuwa mji wa biashara ya mpunga katika Wilaya ya Mbarali, historia ya tendo hilo inafundisha jambo moja zito: aachiaye hawezi kuachia zaidi ya alichonacho. Mara kwa mara, tangu enzi za Wajerumani mpaka karne hii, ardhi ya Usangu imetolewa na watu wasiokuwa na haki ya kuitoa, na waliolipa gharama ni wale waliokuwa wakiilima.

Kabla ya wakoloni, Usangu ilikuwa chini ya watemi wa ukoo wa Merere. Haki ya shamba ilitokana na kazi na kukubalika. Aliyefyeka pori alikuwa na neno juu yake, na mgeni aliomba kwa wakubwa wa mahali kabla ya kuweka jembe. Aliyehama hakuuza. Shamba lake lilirudi kwa ukoo au kwa mtemi, na mwingine akapewa. Miliki ya namna hiyo ilitegemea sana usalama wa utawala wenyewe. Wahehe, kwanza chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, waliwasukuma Wasangu kutoka bondeni mpaka milima ya Usafwa. Ndiyo maana Wasangu walisimama upande wa Wajerumani katika vita dhidi ya Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, na katika miaka hiyo wakarejea katika nchi yao ya zamani.

Walirejea wakakuta ardhi yao imekwisha kupewa mwenye mpya kwenye karatasi. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya kifalme kutoka Berlin ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Amri hiyo iliacha nje ardhi ya watu binafsi, ya machifu na ya jamii za wenyeji, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ardhi ina mwenyewe ulimwangukia yule ambaye desturi yake haikuandikwa popote. Mlowezi wa Kizungu katika nyanda za juu alipata hati kutoka serikalini, mkulima wa bondeni akabaki na ushuhuda wa jirani zake. Tangu hapo nchi ikawa na sheria mbili za ardhi, na mpasuko huo ulidumu zaidi ya miaka mia moja.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Sheria hiyo ilifanya ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, kuwa ardhi ya umma chini ya gavana, isipokuwa ile iliyokuwa na hati halali tangu wakati wa Wajerumani. Gavana aliweza kutoa haki ya kukaa na kutumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Wenyeji hawakutajwa waziwazi kuwa wenye haki hiyo mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1928, ambapo mtu au jamii inayotumia ardhi kwa mujibu wa mila ilihesabiwa kuwa na haki. Palikuwa na tofauti kubwa kati ya kupewa haki na kuhesabiwa kuwa nayo. Mwenye haki ya kupewa alikuwa na hati mkononi, na mwenye haki ya kuhesabiwa aliweza kuondolewa kwa waraka wa ofisa.

Mwaka huo huo wa 1923 ilikuja sheria nyingine, ile ya uhamishaji wa mali. Iliingiza nchini kanuni za Kiingereza za kuhamisha ardhi kama zilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Kwa njia hiyo nyaraka za Kiingereza za kuachia haki, kuweka rehani na kukodisha zikaanza kutumika kwa mashamba ya walowezi wa Iringa na Mufindi. Mashamba ya wenyeji hayakuguswa na nyaraka hizo. Na uhamisho wowote kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa asiye mwenyeji, au kinyume chake, haukuwa na nguvu bila idhini ya gavana. Sharti hilo lilihusu Usangu moja kwa moja, kwa sababu bondeni walikuwapo Wabaluchi, wafanyabiashara na wakulima walioweka makazi Rujewa na jirani zake, ambao walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulima mpunga wa kumwagilia kwa ajili ya soko. Walichimba mifereji, wakaajiri watu, na mpunga ukaanza kuipa ardhi ya bondeni bei ambayo haikuwa nayo ilipokuwa ya malisho na mtama. Mpaka leo mtu akiuliza shamba Ubaruku, huulizia kwanza maji: mfereji gani, zamu ya nani, maji hufika mwezi gani.

Uhuru ulibadilisha mwenye mamlaka, na msingi wa sheria ukabaki. Mwaka 1963 miliki ya kudumu ya walowezi iligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kutumia ardhi kama nyingine. Mwaka 1963 vilevile machifu waliondolewa madarakani. Usangu ilibaki bila mtu ambaye kwa desturi ndiye aliyepokea ardhi iliyoachwa na kuigawa upya, na pengo hilo lilijazwa baadaye na serikali ya kijiji. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha wananchi kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa. Mashamba ya zamani yaliachwa, mashamba ya wengine yakagawiwa waliohamishwa, na wala hakuna aliyetia saini waraka wa kuachia wala wa kupokea. Migogoro mingi iliyofika mahakamani baada ya 1985, wenyewe wa zamani waliporudi kudai mashamba yao, chimbuko lake ni miaka hiyo mitatu.

Wakati huohuo dola ilijenga shamba kubwa. Shamba la Mbarali, jirani na Ubaruku, lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na kukabidhiwa kwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Lilikuwa na hekta zipatazo 3,200 za mpunga wa kumwagilia pamoja na kinu cha kukobolea. Vibarua na mafundi walikuja kutoka Njombe, Rungwe, Makete na kwingineko, wengi hawakurudi makwao, na Ubaruku ikakua kutokana na watu hao. Kila mmoja alitafuta jaruba lake pembezoni mwa shamba la taifa, kwa wenyeji Wasangu na Wabena, kwa kukodi msimu, kwa kununua au kwa kupewa na kijiji. Hapo ndipo karatasi za mauziano zilipoanza kupita mikononi kwa wingi.

Hali ya haki za mila ilikuwa dhaifu kiasi kwamba mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni, bila fidia na bila nafasi ya kwenda mahakamani. Wakulima wawili wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliokwisha kushinda kesi ya shamba lao, walipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya mila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Hukumu hiyo ndiyo jiwe la pembeni la sheria ya ardhi ya sasa. Kabla yake, aliyeuza shamba la mila aliuza kitu ambacho serikali ilikiona kama ruhusa tu. Baada yake, aliuza mali.

Swali la pili lilikuwa ni nani ndani ya familia anayeweza kuachia. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliruhusu mwanamke kurithi ardhi ya ukoo kwa matumizi ya maisha yake bila kuiuza. Holaria Pastory wa Kagera, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza, na mwanaukoo akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Miaka saba nyuma, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikuwa imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hukumu hizo mbili, mahakama zilitambua kwamba mwanamke ana haki yake mwenyewe katika mali ya familia, ingawa mazoea ya vijijini yalichelewa kufuata.

Mwezi Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima na kukabidhi taarifa yake mwaka 1992. Pendekezo lake kuu, kwamba ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji badala ya Rais, serikali haikulikubali. Hata hivyo, Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 za mwaka 1999 zilichukua mengi kutoka katika mjadala huo. Sheria hizo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, nayo imegawanywa katika ardhi ya vijiji, ardhi ya hifadhi na ardhi ya jumla. Haki ya mila imepewa hadhi sawa na haki ya kupewa, kwa maneno ya sheria yenyewe.

Masharti ya kuhamisha shamba katika ardhi ya kijiji yanaanzia hapo. Mwenye haki ya mila anaweza kuihamisha, lakini lazima aijulishe halmashauri ya kijiji kwa fomu iliyowekwa na kupata idhini. Anayehamishiwa awe mwanakijiji, au mtu anayekusudia kuishi au kufanya kazi kijijini. Halmashauri hutazama pia kama uhamisho unavunja haki ya mwanamke kutumia ardhi hiyo. Uhamisho usiofuata utaratibu huo ni batili, na mahakama zimesema hivyo tena na tena, hata pale mnunuzi alipokuwa amelipa fedha yote na kujenga. Asiye raia hawezi kununua kabisa. Sheria humruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji.

Mwenye haki anaweza pia kuisalimisha kwa kijiji, na hapa ndipo sheria ya Tanzania inapokaribiana zaidi na hati ya kuachia haki. Yeye huiacha haki bila kuahidi chochote, na kijiji huipokea. Lakini sheria imeweka zuio ambalo hati ya Kimarekani haina: usalimishaji uliofanywa kwa hila ili kumnyima mwanamke ardhi ambayo angeitumia ni batili. Mume hawezi kuirudisha ardhi kwa mtendaji asubuhi ili mkewe akose pa kulima jioni. Ni kifungu chenye thamani kubwa, na inasikitisha kwamba wengi wanaokihitaji hawajawahi kukisikia.

Mwenye shamba anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mwenyewe hutia saini au dole gumba chini ya kila ukurasa, kisha ofisa ardhi wa wilaya huisaini, huigonga muhuri na kuiandikisha. Majaribio ya kwanza ya kuzitoa yalifanyika Mbozi, wakati huo ikiwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Baadaye, katika wilaya ya Iringa, kijiji cha Ilalasimba kilikuwa cha mwanzo kupimwa mashamba kwa programu ya simu ya mkononi, vijana wa kijiji wenyewe wakitembea mipakani pamoja na majirani. Bado sehemu kubwa ya majaruba ya Usangu huhamishwa kwa karatasi ya daftari. Karatasi hiyo ina kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa, jina la muuzaji na la mnunuzi, idadi ya ekari, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mipaka inayotajwa kwa majirani wa pande nne na mfereji, mashahidi wa kila upande, madole ya wino wa bluu, na muhuri. Karatasi iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake haina idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri si kikao, na idhini hutolewa na kikao chenye muhtasari.

Pale ambapo eneo limepangwa na kupimwa kama mji, jambo linaloendelea katika miji inayokua kama Rujewa na Ubaruku, kanuni hubadilika na Sheria ya Ardhi namba 4 ndiyo hutawala. Mkataba lazima uwe wa maandishi na usainiwe. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi. Hati ya uhamisho hujazwa kwa fomu rasmi na kushuhudiwa na wakili au hakimu, Kamishna wa Ardhi hujulishwa, kodi na ushuru wa stempu hulipwa, kisha Msajili wa Hati huandikisha. Mpaka siku ya kuandikishwa, miliki haijahama.

Katika mirathi, njia ni ya mahakamani. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi, Mahakama ya Mwanzo humteua, naye hufanya orodha ya mali katika Fomu namba 5 na kueleza mgawanyo katika Fomu namba 6. Mrithi anayetaka kumwachia ndugu yake fungu lake huandika hivyo na kuthibitisha mbele ya mahakama. Kaka mkubwa aliyeuza jaruba la marehemu baba kabla ya kuteuliwa kuwa msimamizi hakuhamisha chochote, hata kama ndugu wote walikula pamoja siku ya kupokea fedha.

Ukweli huohuo uliikuta dola yenyewe. NAFCO iliposhindwa, mashamba yake ya Mbarali na Kapunga yaliuzwa kwa wawekezaji katikati ya miaka ya 2000. Shamba la Kapunga lililouzwa mwaka 2006 lilihesabiwa kuwa na hekta 7,370. Wanakijiji wa Kapunga, kijiji kilichosajiliwa, walisema shamba halisi lilikuwa hekta 5,500 na kwamba hekta 1,870 zilizosalia, pamoja na makazi yao, zilikuwa zao. Mgogoro ulichukua miaka mingi, ukafika bungeni na kwa viongozi wakuu wa nchi, mpaka serikali ikakubali hekta hizo zirudi kijijini. Shirika lilikuwa limehamisha ardhi ambayo halikuwa nayo, na hati nzuri haikuponya dosari hiyo. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa kuingia Usangu, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta na mashamba yaliyonunuliwa na kurithiwa kihalali ndani ya mstari wa hifadhi. Mnunuzi makini sasa huulizia na hilo.

Migogoro husikilizwa kwanza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni usuluhishi tu, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Anayetaka kununua jaruba Ubaruku na aanzie ofisi ya kijiji kabla ya kutoa hata shilingi moja: aone jina la muuzaji katika kumbukumbu, awasikie mke au mume na majirani wa mipakani, na aondoke na nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha uhamisho. Bila muhtasari huo, anachoweza kudai kwa muuzaji ni fedha yake. Shamba halijawa lake.